Mwalimu wa Kemia na Mafuta ya Alizeti

Alikuwa na vivimbe viwili vya manjano kwenye kope za juu, kimoja kila jicho, upande wa puani. Vilikuwa vidogo na laini, kama kiini cha yai kilichokaukia kwenye ngozi. Mgeni angedhani anaumwa macho. Mwenyewe hakuvificha. Alikuwa anavigusa kwa kidole mbele ya wanafunzi wake na kuwaambia, "Hii ni lehemu. Mafuta ya damu haya. Ndani imekosa nafasi, imekuja kukaa barazani."

Mimi sikusoma kwake. Nilimjua kwa sababu ya mashine. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, sisi akina mama wachache wa Shanwe, hapa Mpanda, tulipata mashine ya mkono ya kukamua alizeti. Unajaza mbegu juu, unaushusha mpini mrefu kwa uzito wa mwili wako wote, mafuta yanachuruzika kwenye ndoo na mashudu yanatokea mbele. Siku moja alisimama mlangoni mwa kibanda chetu, shati limechomekewa, baiskeli kaiegemeza kiunoni, akauliza kama tunaweza kumpa mashudu kidogo pamoja na mashapo yanayobaki chini ya ndoo.

"Una kuku wangapi, Mwalimu?" nilimuuliza.

"Sina kuku. Nina wanafunzi."

Tukacheka. Yeye hakucheka. Alisubiri tumalize, akapokea alichopewa, akashukuru, akaondoka. Wiki iliyofuata akarudi. Akawa anakuja hivyo kwa miaka.

Kitu alichokuwa anakitafuta kwenye mashapo yetu kilikuwa na jina ambalo sikuwahi kulisikia: steroli. Alinieleza huku nikiendelea kukamua. Alisema mnyama ana lehemu, na mmea nao una kitu kinachofanana nayo kama mapacha Kulwa na Doto, lakini si yenyewe. "Tumboni ni kama treni ya Tabora," alisema. "Mabehewa machache, watu wengi. Steroli ya mmea ikiwahi kukaa, lehemu ya nyama inabaki stesheni. Na yenyewe haifiki mbali. Inashushwa njiani, inatoka na choo." Karanga zinayo, alizeti inayo, ufuta unao, hata mahindi kwenye kiini chake. Kila mtu wa Mpanda aliyewahi kugombea kiti kwenye treni ile alielewa somo hilo bila kupitia darasani.

Mama yangu alikuwa anaishi nasi wakati huo. Alikuja nchini kutoka Burundi akiwa amenibeba mgongoni, akalima kwenye makazi ya wakimbizi ya Katumba mpaka nguvu zilipoisha, na maisha yake yote alipika kwa mawese. Alimsikiliza Mwalimu kwa mashaka.

"Na mawese?" alimuuliza. "Ni ya mbinguni au ya motoni?"

Mwalimu alifikiri. "Ya toharani, mama. Steroli imo. Lakini na mafuta mazito yamo. Yapunguze tu."

Mama alimpenda tangu siku ile, lakini mawese hakuyapunguza.

Mwalimu aliwahi kusoma nje, Ulaya ya mashariki, kwenye chuo kilichokuwa karibu na kiwanda cha dawa. Hakupenda kuhadithia baridi wala theluji kama wengine waliotoka huko. Alihadithia kiwanda tu. Alisema walikuwa wanachukua masalia ya mafuta ya soya, wanatoa steroli, wanaziweka kwenye mapipa ya chuma marefu kama nyumba, kisha wanaingiza vijidudu vilivyotoka kwenye udongo wa kawaida. Vijidudu vile vinaila steroli upande mmoja. "Vinakula mkia, vinaacha mwili," alisema. Mwili ule ndio unaotengenezewa dawa za pumu, dawa za uvimbe, vidonge vya uzazi wa mpango. Alikuwa anaonyesha kwa mikono ukubwa wa mapipa, na mikono ilikuwa haimtoshi.

Akataka kuifanya kazi ileile Mpanda. Maabara ya shule ilikuwa na meza mbili za saruji, sinki lisilo na maji, na kabati la chupa ambazo nyingi zilikuwa tupu. Alichemsha mashapo yetu kwa magadi makali na spiriti mpaka mkuu wa shule akaja kuuliza ni nini kimekufa. Alichuja, akachemsha tena, akaacha ipoe. Nilimwona siku alipokuja na kichupa cha dawa chenye unga mweupe chini, mdogo kama chumvi ya kuonja. Alikishika juu kwenye mwanga. Mikono ilikuwa imetulia, ila alikuwa ameacha kupepesa macho.

"Hii imetoka kwenye ndoo yako, Mama Neema," aliniambia.

Nilikitazama kichupa. Nikamwambia ni kizuri.

Vijidudu vilimshinda. Vinataka joto lisilobadilika, na umeme wa mji ulitegemea jenereta ambayo nayo ilitegemea dizeli. Alitengeneza sanduku la mbao, akaweka taa ya chemli ndani ili lipate joto. Ukungu ukaingia, ukala kila kitu. Akasafisha sanduku, akachota udongo mwingine mabondeni, akaanza upya. Ukungu ukaingia tena. Niliwahi kumuuliza kama hachoki. Alisema kuchoka ni jambo la mwili, na mwili wake ulikuwa unachoka kwa mambo mengine.

Mke wake alikuwa anafanya kazi Morogoro. Alikuja Mpanda likizo moja, nikamwona sokoni, mwanamke mrefu anayetembea kama mtu anayeogopa kukanyaga kitu. Likizo ilipoisha akapanda treni, na hakurudi tena. Mwalimu alilisema hilo mara moja tu, alipokuwa ananisaidia kumimina mafuta. "Hakupapenda huku," alisema, kisha akaniomba nishikilie mrija vizuri, mafuta yanamwagika.

Lakini usije ukadhani alikuwa mtu wa kujinyima. Mtu huyu aliyehubiri mimea alikuwa hawezi kupita karibu na nundu ya ng'ombe iliyochomwa. Nilimwona kwa macho yangu kwenye harusi moja, amekaa peke yake na sahani ya nundu, mafuta yanamtiririka mpaka kwenye kifundo cha mkono, na zile kope zake za manjano zimefumbwa. Mmoja wetu alimtania, "Mwalimu, na treni je?" Akajibu huku anatafuna, "Leo treni haipo." Kifua kilikuwa kinambana akipanda mlima, akisimama anasingizia baiskeli.

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo sikulielewa mapema. Wanafunzi wake walisema darasani alikuwa mkali juu ya maneno kuliko mwalimu wa Kiswahili. Ukiandika steroli inapunguza lehemu, anakata alama. Uandike inaweza kupunguza. Uandike kwa nani, kwa kiasi gani, pamoja na nini. "Ukiondoa neno 'inaweza', umetoka kwenye sayansi," alikuwa anawaambia, "umeingia kwenye matangazo ya biashara." Ila akifika kibandani kwetu, akikuta watu wamejaa na vidumu vyao, neno hilo lilikuwa linapotea. Watu wale walitaka jibu fupi. Naye alifurahi kusikilizwa. Darasani walimsikiliza kwa sababu ya mtihani. Kwetu walimsikiliza kwa kutaka.

Miongoni mwao alikuwamo Mzee Shija. Huyu alikuwa Msukuma, mfugaji aliyehamia kijiji cha Kabungu na familia yake na ng'ombe wake, mwili mkubwa, sauti kubwa, kicheko cha kusikika barabarani. Yeye na Mwalimu walikuwa marafiki, na hakuna aliyejua urafiki ulianzaje. Mzee Shija alimletea Mwalimu samli kwenye kibuyu, Mwalimu akamgombeza kwa kumletea sumu, kisha akapokea kibuyu. Mzee Shija naye akaanza kununua mafuta ya alizeti kwangu.

Hospitali walikuwa wamempima Mzee Shija, wakamkuta na presha, wakampa vidonge vya kunywa kila siku. Hilo mimi sikulijua. Mwalimu alilijua.

Siku ninayoikumbuka, Mzee Shija alikuwa ameketi juu ya gunia la mbegu, anapumzika. Kulikuwa na watu. Mwalimu akaanza somo lake la mabehewa. Mzee Shija akauliza kwa sauti yake ile, "Kwa hiyo Mwalimu, haya mafuta ni chakula au ni dawa?"

Mwalimu akatabasamu. Si mara nyingi alitabasamu. "Mzee, haya ni dawa inayokaa mezani."

Watu wakafurahi. Msemo ukashika. Kwa miezi mingi baada ya hapo watu walikuja kwangu wakisema, "Mama Neema, nipe dawa ya mezani." Biashara yetu ilikuwa nzuri.

Halafu, kiangazi kikiwa kikali, nikasikia kwamba Mzee Shija ameletwa hospitali juu ya mkokoteni wa ng'ombe. Kiharusi. Alianguka zizini asubuhi wakati wa kukamua. Nilifunga kibanda nikaenda. Nilimkuta amelazwa chali, upande wa kulia umelegea, mdomo umevutwa, na ile sauti haipo. Mkewe, Mama Milembe, alikuwa chini sakafuni, miguu ameinyoosha. Mwanawe mkubwa, Masanja, mtu mzima mwenye watoto, alikuwa amesimama dirishani.

Mwalimu aliingia na chaki bado mikononi. Alisimama miguuni pa kitanda.

Masanja hakupaza sauti. "Mwalimu," alisema, "mzee aliacha vidonge tangu masika. Alisema ana dawa nyingine. Nyie wawili mlikuwa mnazungumza. Ulimwambia aache?"

"Sikumwambia aache."

"Ulimwambia nini?"

Mwalimu alizitia chaki mfukoni. Nilidhani atamweleza. Angeweza kumweleza kwamba vidonge vile vilikuwa vya presha, na mafuta ya alizeti hayana kazi na presha, na steroli hata kwa lehemu yenyewe inasaidia polepole, kwa miezi, tena kwa mtu aliyeacha na mengine. Yote hayo nilikuja kuyasikia baadaye kutoka kwake. Siku ile hakuyasema.

"Nilimwambia mafuta haya ni dawa," alisema.

"Basi," alisema Masanja, akageuka kutazama nje.

Mama Milembe ndiye aliyesema kutoka pale chini. "Shemeji, kaa. Usisimame hivyo." Akamsogezea nafasi kwenye mkeka. Mwalimu akakaa. Tulikaa wote mpaka muuguzi akatutoa. Sikuhisi huruma, sikuhisi hasira. Nakumbuka kulikuwa na nzi kwenye glasi ya uji, nami nilimtazama yule nzi muda mrefu sana.

Baada ya hapo Mwalimu hakuja tena kibandani. Nilimwekea mashapo kwenye kopo kama kawaida, yakaganda, nikamwaga. Wanafunzi walisema anafundisha vilevile, hapandishi wala hashushi sauti. Lile sanduku la vijidudu likawa la kuwekea chaki. Mtu akimsimamisha njiani kumuuliza kuhusu karanga au ufuta, alikuwa anajibu, "Nenda hospitali ukaulize," na kuendelea na safari. Kuna waliosema ameingiwa na kiburi.

Mzee Shija alirudishwa nyumbani Kabungu. Hakufa, na hakupona. Alikuwa anakula akilishwa, anaelewa akiambiwa, lakini kutamka hakuweza. Mwalimu akaanza kwenda huko kila Jumapili kwa baiskeli. Wauguzi walikuwa wamemwonyesha namna ya kuunyoosha mkono uliokufa, kidole kimoja kimoja, kisha kiwiko, kisha bega, ili usikauke. Alifanya hivyo. Alimnyoa. Alimpa vidonge, akangoja mpaka amevimeza. Masanja kwa muda mrefu hakumsalimia. Alikuwa anatoka akimwona anaingia.

Mwaka Mwalimu aliostaafu, watu tulitegemea apande treni aende kwao au Morogoro. Masanja alimfuata shuleni. Nilihadithiwa na mlinzi wa shule aliyekuwepo. Masanja alimwambia, "Hiyo baiskeli itakuua kabla ya moyo. Kuna sehemu pale nyuma ya zizi. Jenga." Hakuongeza neno. Mwalimu akajenga chumba kimoja cha tofali za kuchoma na sebule ndogo, akahamia Kabungu.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa mwishoni mwa miaka ile ya tisini. Mama yangu alikuwa ameshafariki. Nilikwenda Kabungu na lori kununua mbegu za alizeti, na kwa kuwa dereva alikuwa na shughuli zake, nikatembea mpaka kwa Mzee Shija.

Mwalimu alikuwa ameketi uani kwenye stuli, mbele yake Mzee Shija kwenye kiti cha mbao chenye mikono, mito kila upande. Mwalimu alikuwa amekonda. Vivimbe vya kope vilikuwa vimekua, vimekutana na mikunjo ya ngozi. Alinitazama kidogo kabla ya kunitambua.

"Mama Neema. Karibu. Poleni na msiba wa mama."

"Tumeshapoa, Mwalimu. Hali?"

"Hali ndiyo hii."

Mama Milembe akaniletea maji, kisha maziwa ya mgando kwenye bakuli. Niliketi. Mwalimu aliendelea na kazi yake: kidole gumba, cha shahada, cha kati. Mkono ulikuwa mwembamba, ngozi inang'aa. Mzee Shija alinitazama kwa jicho moja lililo wazi zaidi ya lingine. Sikujua kama ananikumbuka.

Nikasema jambo la kwanza lililonijia. Nilimwambia nimesikia redioni kwamba Ulaya huko kaskazini wametia zile steroli zake kwenye siagi ya mkate, watu wananunua dukani, lehemu inashuka.

"Hata mimi nilisikia," alisema.

"Hukufurahi?"

"Nilifurahi." Akahamia kidole cha pete. "Walisema vizuri. Walisema inaweza kusaidia baadhi ya watu, na mgonjwa asiache dawa zake. Walisema hivyo mwishoni kabisa, upesiupesi. Nikazima redio."

"Wewe ungewafundisha watu vizuri sasa. Watu bado wanakuulizia. Akina mama wanataka uje uwaeleze."

"Watakuja wengine wawaeleze."

"Mwalimu, hukumwambia mzee aache vidonge. Mimi nilikuwepo."

Alimaliza kidole kidogo, akaulaza mkono juu ya mto, akauweka sawa kama mtu anayelaza mtoto.

"Ulikuwepo," alisema. "Na ulisikia alivyouliza. Aliuliza swali zuri kuliko mwanafunzi yeyote niliyewahi kumfundisha. Chakula au dawa. Nilikuwa na jibu lake. Ila lilikuwa refu."

Mama Milembe alikuwa anapeta mahindi karibu yetu. Hakusimama. Alisema tu, "Shemeji huyu, kila mgeni anamwambia hilohilo. Mimi nilishamwambia: tulisikia tulichotaka kusikia. Vidonge vilikuwa vinamchosha mzee. Alikuwa anatafuta mtu wa kumpa ruhusa."

Mwalimu aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayesikia bei ya kitu ambacho hanunui.

Nilimuuliza anabaki hapa mpaka lini. Alisema hajui. Nikamuuliza anangoja nini. Nilimuuliza taratibu, si kwa ubaya.

"Nangoja aseme," alisema.

"Aseme nini?"

"Chochote. Anitukane. Daktari alisema kuna wanaorudiwa na maneno hata baada ya miaka. Mwezi huu ameanza kutoa sauti. Mama Milembe alisikia, Masanja alisikia. Zamu yangu haijafika."

Jua lilikuwa limezunguka nyumba wakati tunaongea, na kivuli kilikuwa kimetuacha. Nilisimama kuaga, nikampa Mzee Shija mkono wangu kwenye ule wake ulio mzima. Aliubana. Ndipo mdomo wake ukaanza kufanya kazi. Ulianza upande mmoja, ukatetemeka, koo likapanda na kushuka. Mama Milembe aliacha ungo. Mwalimu aliinuka kwenye stuli, akainama, sikio lake likawa karibu na mdomo wa rafiki yake.

"Limi," alisema Mzee Shija. Ilitoka nzito, imekwaruza, lakini ilitoka nzima.

Mwalimu hakukijua Kisukuma. Miaka yote ile, hakukijua. Alimgeukia Mama Milembe, uso wake umepauka, mkono mmoja bado umeshika mkono wa kiti.

"Kasema nini? Shemeji, kasema nini?"

Mama Milembe alijifuta mikono kwenye kanga. "Jua," alisema. "Anasema jua linamchoma."

Mwalimu alibaki ameinama. Nilidhani hakusikia. Kisha akashika kiti upande wake, Mama Milembe akashika upande wa pili, wakakiinua pamoja na mtu wake, polepole, mpaka upenuni mwa nyumba ambako ukuta ulikuwa bado na ubaridi. Mwalimu alikuwa anahema kwa shida. Aliuweka mto sawa, akaufunika ule mguu mbovu kwa shuka.

"Hapa?" alimuuliza. "Hapa panafaa?"

Mzee Shija alikuwa ameshafumba macho.